Upande wa Redieta, Upande wa Dirisha

Alhamisi, saa moja jioni. Mvua ya Greenock
hainyeshi, inakaa,
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kazi yangu mimi ni funguo.
Nafungua ukumbi wa kanisa, nawasha taa,
nahesabu viti, narudi saa tatu kufunga.
Sikuja kucheza. Hilo lieleweke.

Wakaingia na miavuli na soksi za akiba,
mmoja na keki ya tangawizi ndani ya bati la biskuti.
Ishbel alisimamisha kiti chake mlangoni
akayafuta magurudumu kwa shali yake mwenyewe
asije akachafua sakafu yangu.
Nilimpenda papo hapo. Kwa sababu ya sakafu.

Zamani, ndani ya kuta hizihizi,
mwita-dansi alipaza sauti: wanaume huku! wanawake kule!
Mistari miwili ikakabiliana kama meno.
Na kila mwaka, katika miaka yangu kumi na tisa ya funguo,
nimemwona mmoja amebaki mlangoni, koti mkononi,
akipiga hesabu upande upi utamuuma kidogo.
Kisha mlango unajifunga, taratibu,
na mimi ndiye niliyeupaka mafuta usilie.

Innes kapanda juu ya kreti la soda:
"Wa redieta, huku! Wa dirisha, kule!
Ukisikia baridi, hama."

Basi. Hiyo ndiyo sheria yote.

Mwenye ndevu na kucha za zambarau akaenda kwenye redieta.
Wake wawili waliooana Juni wakatengana kwa makusudi
ili wapate raha ya kukutana katikati.
Kijana mmoja alihama mara nne kabla muziki haujaanza,
na hakuna aliyemhesabia.

Mama wa keki aliniuliza pembeni:
huyu Innes, ni nani hasa?
Nikamjibu kwa Kiingereza cha kukwamakwama
kwamba lugha iliyonilea ina a- moja tu, nayo inatosha mtu mzima:
anaita, anacheka, anaruka, amechoka, ale.
Sikumwambia yaliyobaki.
Kwamba lugha haikuuliza kamwe;
tuliouliza ni sisi, tena kwa mawe.

Kodiani ikavuta pumzi.
Dansi inataka wanane. Walikuwa saba.

Wa saba alikuwa Struan,
miaka sabini na sita, mchomelea meli wa zamani,
shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.
"Miaka thelathini na mmoja," alisema, akiliambia birika la chai,
"tulicheza jikoni. Pazia limefungwa, redio chini.
Fergus aliongoza. Tangu Februari
miguu yangu inajua nusu."

Wote wakageuka kuutazama mfuko wangu unaolia funguo.

Nikasema: mimi sijui hata hiyo nusu.
Akasema: "Basi tumeshafika nusu."

Kiganja chake kina makovu madogo ya cheche,
yamekauka, kama punje za chumvi chini ya ngozi.
Nilikishika nikisubiri aibu ije.
Nadhani ilikwama kwenye mvua.
Nilimkanyaga. Akanikanyaga. Nilikwenda kulia
ulimwengu mzima ulipokwenda kushoto,
Ishbel akanizunguka kwa gurudumu moja, akanigonga ugoko,
akacheka mpaka miwani ikamtoka,
na Struan, aliyesema hajui kuongoza,
akanisukuma mgongoni kwa vidole viwili,
hivi, kama mtu anayefungua pazia
kujua tu kama nje kuna watu.

Kulikuwa na watu.

Funguo zinapiga kelele, nikamwambia Innes, ngoja nizitoe.
"Ziache," akasema. "Ziko kwenye mdundo kuliko wewe."

Saa tatu ikapita. Ikapita na nusu yake.
Nani angefunga?
Mwenye funguo alikuwa upande wa dirisha,
shati limelowa jasho,
kasikia baridi,
anahama.